Mawe Yaliyogoma Kushuka

2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako bado inapiga kelele kuishinda redio ya seremala. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, isipokuwa mgongo, na huo huuma zaidi akiwa na wageni wa kumpa pole. Anasema nikuambie kile chumba cha uani amekipiga chokaa na kitanda kimeshaingia. Basi, nimekuambia. Jibu mpelekee yeye, mimi nimetumwa tu.

Sasa shida yangu. Ofisini tunapima mawe ya mto, kutoka kule juu milimani hadi huku chini mjini. Najua unacheka. Lakini wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza, siku tunafua mapazia, kwa nini jiwe la kwenu linajaza mkono na huku kwetu mto una mchanga mtupu. Ndiyo kazi yenyewe. Juu kabisa jiwe lina ukubwa wa kichwa cha mtu. Ukishuka unakuta ngumi, halafu yai, halafu shanga, mwishowe mchanga. Wako wanaosema mawe yanagongana njiani na kusagika. Wengine wanasema ni maji tu yanayachambua: madogo yanabebeka kirahisi yakaenda mbali, makubwa yakabaki nyuma. Yote mawili ni kweli, ila kwa mto wetu hii sababu ya pili ndiyo yenye nguvu.

Mtu wetu wa kituo cha kupimia cha kwenu, kile cha chini ya bwawa, ameacha kazi. Nimekufikiria wewe kwa sababu fungu la mawe liko chini ya dirisha lako. Kila mwezi ungelivuka kutoka ukingoni hadi majini. Ukipiga hatua, geuza uso pembeni, inama, shika jiwe la kwanza litakalogusa ncha ya kidole chako. Usichague. Ukitazama tu, mkono wenyewe utapenda makubwa. Upime upande wa kati, si ule mrefu wala ule mwembamba, uandike kwa sentimita, ulirudishe, usonge mbele. Mawe mia yanatosha. Nimekuwekea rula ndani ya bahasha.

Usiniulize sana ni ya nini. Ni mambo ya ofisi.

Mwanao,
Sindano

19 Machi

Sindano,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hakuna aliyeyauliza. Nimemaliza sare za shule, sasa nina gauni la bibi harusi ambaye kila akija kujaribu amenenepa, na kila akinenepa analaumu kitambaa. Seremala jirani anakusalimu. Choo nimekihamishia upande wa barabarani, huko hewa ni nzuri zaidi.

Mwambie baba yako chumba ni kizuri sana, amweke kuku. Mimi nina nyumba. Nimeijenga kwa mguu huu unaokanyaga cherehani, na tofali zake nazijua moja moja. Sijasikia mdogo mtu anamhamisha dada yake kwa chokaa.

Rula yako imefika vipande viwili. Nadhani posta waliikalia. Usijali, nimetumia futi yangu ya kupimia nguo. Nimewapima watu wa mji huu wote, wanene na wembamba, wanaojitutumua na wanaovuta tumbo ndani. Jiwe litanishinda? Jiwe halivuti tumbo.

Nimefanya kama ulivyosema. Uso pembeni, kidole chini, kama mtu anayemwibia mwenzake mfukoni. Seremala akanipigia kelele kutoka kwake, "Mama, umepoteza nini huko?" Nikamwambia, "Nimepoteza akili, njoo tutafute wote." Akaja kweli, akawa ananiandikia. Vipimo hivi hapa nyuma ya karatasi. Mwandiko ni wake, mimi simo.

Jambo moja. Umeandika nisikuulize. Tangu ukiwa mdogo, ukisema "usiniulize," huwa kuna kikombe kimevunjika mahali. Nangoja kuambiwa ni kipi.

Shangazi yako

21 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Sisi wazima. Baba amesikia habari ya kuku, akamaliza chakula kizima, halafu akasema, "Huyo ni dada yangu kweli." Mgongo wake umepata nafuu.

Shangazi, vipimo vyako vimeniweka pabaya. Nimepokea vya Machi na vya Aprili, na vyote vinasema kitu kimoja: mawe ya chini ya dirisha lako ni makubwa kuliko ya mlimani. Haiwezekani. Mkuu wa ofisi aliniita, akatandaza karatasi mezani. Vituo vyote vinateremka vizuri, kimoja baada ya kingine, halafu chako kimesimama juu peke yake kama mnara wa simu. Akavua miwani akaniuliza, "Huyu mtu wako anapima mawe au matikiti?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, na nikajichukia.

Anataka tukifute. Anasema kituo kimoja hakiwezi kubishana na mto mzima, na kwamba ripoti ikiwa na mstari mmoja safi kutoka juu hadi chini, kila mtu atalala usingizi. Sijakifuta bado. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Basi nakuuliza. Je, unachagua? Si kwa ubaya. Hata sisi tuliosomea tunajikuta tunachagua, kidole kinaruka changarawe kinakwenda kwenye jiwe la maana. Niambie tu, sitakasirika.

Na hicho choo umekihamisha kwa nini? Kilikuwa kipya.

Mwanao,
Sindano

3 Mei

Sindano,

Mimi mzima, wewe mzima, salamu zimekwisha.

Sichagui. Soma tena: sichagui. Mwezi uliopita nilijifunga mtandio usoni kabisa, seremala akanishika mkono nisiingie majini, na watoto wa shule wakapita wakiniimbia. Jiwe nikilipata nalizungushia futi kiunoni, hapo katikati ulipotaka, navuta taratibu, nasoma. Sikuacha hata nafasi ya kidole kama ninavyowaachia watu, maana jiwe halili likashiba. Kama ofisi yenu inajua kupima kuliko hivyo, waje wanishonee mimi.

Na sasa niulize mimi. Juzi amekuja mwenye malori. Mtu mnene, mpole, viatu vyeupe. Amechomeka vijiti kuanzia bwawani hadi chini ya dirisha langu, kila kijiti na utepe wa bluu. Nikatoka na mkasi mkononi nikamuuliza anapima nguo ya nani. Akanionyesha barua yenye muhuri wa ofisi yenu. Anangoja ripoti ya mawe tu, anasema. Ikitoka, anapewa kibali cha kuchota fungu lote, na mto utajaza tena kwa mvua moja, kwa sababu wataalamu wamesema mawe yanashuka yenyewe. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, wewe tafuta mahali pazuri upumzike."

Kumbe ndicho kikombe chenyewe.

Kwa hiyo magoti haya nimeyainamisha kupima kaburi la nyumba yangu, na aliyenituma ni mtoto niliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano. Nimekasirika, Sindano. Nimekasirika hadi nimeshona mkono wa gauni la bibi harusi ndani nje.

Vijiti vyake nimeving'oa. Nimevitumia kuwashia moto wa pasi. Akija kuchomeka vingine nitaving'oa tena.

Ukitaka kunifuta, nifute. Lakini usiandike mahali popote kwamba nilichagua.

Shangazi yako

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia.

Ni kweli, ripoti ni ya kibali. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuficha kwa sababu nilijiambia namba ni namba tu, hazina upande. Ulikuwa uoga, na sitautafutia jina lingine.

Sasa kaa chini. Uliyazungusha! Upande wa kati wa jiwe unapimwa kwa kukata katikati, kutoka huku hadi kule, kama unavyopima mkate ukitaka kujua utaingia kwenye bati. Wewe umelizunguka lote kama kiuno cha mteja. Niliposoma "nalizungushia futi" nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akasimama kufunga mlango. Fundi cherehani gani angepima kiuno kwa rula? Kosa ni langu, nilikutumia rula nikadhani nimekutumia na maelezo.

Lakini hakuna kilichoharibika. Ukigawa kila kipimo kwa tatu na kidogo, unapata upana. Nimekaa na karatasi zako, nimegawa moja moja. Matikiti yote yameshuka yakawa mawe. Na hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Kituo chako bado hakikai kwenye mstari. Si sana kama mwanzo, lakini hakikai. Kituo kilicho juu ya bwawa kina mawe madogo kuliko ya kwako, na wewe uko chini yake. Ilitakiwa iwe kinyume. Nimefikiria wiki nzima. Ni bwawa, Shangazi. Mawe yote yanayotoka juu yanaishia ndani ya bwawa. Maji yanayopita ukutani hayana kitu, yana njaa, yakifika kwako yanachukua madogo na hayarudishi mengine. Makubwa hayawezi kuyabeba, basi yanabaki, yanalala juu pamoja kama vigae juu ya paa. Hayo ndiyo yanayozuia maji yasichimbe chini. Mwenye malori akiyachota, hakuna mvua itakayojaza. Mto utajichimba wenyewe, na ukingo wako utaanguka ndani.

Nilimpelekea Mkuu. Alisikia neno moja tu, kwamba fundi cherehani alikosea kupima. Alifurahi kama mtu aliyeokota kofia yake. "Sasa tuna sababu ya kukifuta," akasema. Mkutano ni mwisho wa Juni, na sahihi inayotakiwa chini ya ripoti ni yangu.

Nisaidie mara moja zaidi. Tafuta rangi. Paka mawe makubwa mekundu, madogo ya njano, yakiwa hapo hapo yalipo. Weka alama yako juu ya kila kubwa. Mvua ikishapita, niambie yepi yameondoka, na kama kuna mengine yamekuja mahali pake.

Sijakifuta.

Mwanao,
Sindano

13 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Nimeitikia mbili, ile ya nyuma ilikuwa inadaiwa.

Nilikaa na hasira siku kadhaa, halafu nikazungusha futi kwenye kikombe changu cha chai, nikaweka na rula ya seremala juu yake, nikaona mwenyewe. Nikacheka mpaka bibi harusi akadhani namcheka yeye. Kwa hiyo mtoni kwangu kulikuwa na matikiti! Haya.

Rangi nilipata kwa seremala, nyekundu ya milango na njano iliyobaki alipopaka benchi za kanisa. Nimepaka fungu zima. Alama yangu ni kifungo, duara lenye matundu manne, nimekichora kwa rangi nyeupe juu ya kila jiwe kubwa. Sasa wapita njia wanasimama juu ya daraja kutazama. Wengine wanasema nimechanganyikiwa. Mmoja akaniuliza kama ni tangazo la biashara, nikamwambia ndiyo, nashonea mto.

Mvua ya kwanza ilishuka kwa nguvu, maji yakaruka ukuta wa bwawa. Yalipopungua nilikwenda kutazama. Njano zote zimekwenda, hata moja sikuona, na mahali pake hapakuja kitu. Nyekundu zote zilikuwepo. Zote, Sindano! Zimekaa vile vile na vifungo vyao juu, kama wanawake wa kikundi waliokataa kuondoka mlangoni kwa mwenye mji. Niliwapigia makofi. Nilikaa juu ya mmoja nikanywa chai yangu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa baba yako. Ndiyo, nilikwenda kukitazama hicho chumba, wewe ukiwa safarini kwenye vituo vyako vya juu, na usimwambie mtu. Nilikaa siku chache. Huku nyuma mvua ikanyesha tena. Niliporudi, nyekundu za upande wa majini hazipo. Hata yale makubwa kabisa, ambayo mimi na seremala hatukuweza kuyageuza. Ardhi imesawazishwa, kama hayakuwahi kuwepo. Nimetembea chini hadi kwenye kona ya mto, sikuyaona.

Basi mto unaweza. Ulisema hauwezi, lakini umeyabeba. Labda Mkuu wako yuko sahihi.

Na choo sikukihamisha kwa ajili ya hewa. Kilianguka mtoni mwezi wa kwanza, pamoja na ukingo uliokishikilia. Ukuta wa chumba cha cherehani una ufa, mkono unaingia. Nimeuwekea kabati. Nimekuwa nikiwaambia wote kwamba nyumba ni imara, na usiku nalala na viatu.

Mwambie baba yako asimweke kuku kwanza.

Shangazi yako

30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Vua hivyo viatu.

Barua yako ilichelewa njiani, ikanifika asubuhi ya mkutano. Niliisoma nikiwa nimesimama getini. Nilipofika mahali pa kuku nililia, mlinzi akanipa kiti chake. Nitasema wazi: nilikuwa nimeshatoa kalamu. Kama nyekundu zimeondoka, basi nimekosea, na mtu aliyekosea anatia sahihi anakwenda nyumbani.

Sasa, ofisi yetu inajengewa ukuta mpya. Nyuma ya kiti cha mlinzi kuna lundo la mawe ya msingi. Mawe makubwa. Huku mjini, Shangazi, ambako mtoni hupati jiwe la kumpiga nalo paka. Nilikuwa nayapita kila siku bila kuyaona. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, tope linachuruzika, na kwenye jiwe moja nikaona wekundu. Nikapiga magoti na gauni langu la mkutano, nikafuta kwa kiganja.

Kifungo. Matundu manne. Moja umelichora kubwa kuliko mengine.

Nilifuta la pili, la tatu. Mlinzi akaja kusaidia kwa ndoo ya maji. Wote wa kwako walikuwa pale, Shangazi, wamepangwa kujenga ukuta wa watu wanaowaandikia kibali waliokuibia.

Niliingia mkutanoni nimechelewa, nimelikumbatia lile dogo kuliko yote mikononi kama mtoto mchanga, tope hadi viwiko. Nikaliweka mezani juu ya ripoti. Mkuu akasema, "Nini hii?" Nikamwambia, "Kituo ulichotaka nikifute. Kimekuja chenyewe."

Mwenye malori alikuwepo, na viatu vyake vyeupe. Akasema kwa upole kwamba labda mafuriko ndiyo yameyaleta, si mawe yanashuka? Nikamjibu mbele ya wote. Nikamwambia mafuriko yaliyoleta jiwe hili yangekuwa ya ajabu. Yamelibeba kutoka bwawani, yamepita kwenye changarawe, yamepita kwenye mchanga bila kulidondosha, yametoka mtoni, yamepanda barabara ya lami, yamekata kushoto getini kwetu, na yamelipanga juu ya lundo. Watu wakaanza kucheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Akaudhika. Akasema hawezi kubishana na vipimo vya fundi cherehani. Nikamuuliza, "Hiyo suruali uliyovaa, fundi alikupima kiuno kwa rula?" Akajitazama kiunoni. "Alikuzungushia futi," nikasema, "na mbona bado haijakudondoka." Hapo hata karani aliyekuwa akiandika alifunika uso na karatasi.

Ripoti nimeitia sahihi. Yangu, si yao. Kituo chako kimo. Nimeandika kwamba vipimo vya miezi ya mwanzo vilichukuliwa kwa kuzungusha, na jinsi nilivyovirekebisha, ili asije mtu mwingine akalichimbua kosa akajifanya shujaa. Nimeandika pia kwamba chini ya bwawa mawe makubwa ndiyo yanayoshikilia mto, na kwamba ukingo umeshaanguka mahali palipokuwa na choo. Nisamehe, choo kimeingia kwenye kumbukumbu za serikali.

Kibali kimekataliwa. Mwenye malori ameamriwa arudishe kila jiwe mahali pake. Mkuu alifuta miwani tu, na kesho yake nikakuta meza yangu imehamishiwa stoo, katikati ya ramani kuukuu na mapipa ya rangi. Hakuna dirisha. Mlango una tabia ya kujifunga wenyewe. Wanadhani nitachoka niache kazi. Sichoki, na siachi.

Baba nimemsomea barua yako yote, hata ile sehemu ya kusema nisimwambie mtu. Akatoka nje akakaa peke yake. Kisha akaenda kukitoa kitanda, akisema dada yake ana nyumba.

Mwanao,
Sindano

22 Julai

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti, seremala akiwa amezima redio, na unajua huyo haizimi hata akifiwa. Bibi harusi alikuwepo, amesimama juu ya stuli na pini mwilini, akaniambia, "Rudia pale pa suruali." Ameolewa Jumamosi. Gauni lilimkaa vizuri.

Malori yamerudi. Mwenyewe alikuja, safari hii na viatu vyeusi. Nilisimama ukingoni na futi shingoni, nikawaambia wapakuaji hakuna jiwe linaloshuka kabla sijaliona. Lenye kifungo, karibu. Lisilo na kifungo, rudi nalo. Walikuwa wamechanganya na ya machimbo mengine ili wamalize haraka. Mwenye malori akasema, "Mama, mawe si mawe tu?" Nikamwambia, "Na suruali ni suruali tu, mbona hukuvaa ya mwenzako?" Akaingia kwenye gari akafunga kioo.

Tuliyarudisha mahali pake, mimi, seremala, na wale watu waliokuwa wakinitazama kutoka darajani. Tuliyasukuma kwa magongo. Makubwa upande wa majini, yamelala yameegemeana. Mvua ilikuja wiki hii, sikulala, nilikaa dirishani kuyatazama. Maji yalipita juu yao yakafanya kelele zote yanazozijua, na asubuhi vifungo vilikuwepo.

Ufa bado upo, sikufichi tena. Nimeondoa kabati niuone. Baba yako amenitumia fundi mwashi, na amekuja mwenyewe nyuma yake, na mgongo wake, amekaa kwenye kiti cha wateja anamwamrisha mwashi toka asubuhi. Anasema akimaliza hapa atakwenda kununua kuku.

Nimehesabu vifungo vyangu. Limepungua moja, na najua liko kwako. Usilirudishe. Hapa yako ya kutosha, na huko stoo umekaa peke yako. Liweke chini ya mlango ule unaojifunga, likae wazi mchana kutwa, watu wakipita ukumbini wakuone uko kazini.

Na Mkuu wako akitaka liondoke, ainame mwenyewe alibebe.

Shangazi yako